Alificha Kilo 25 za Sukari Chini ya Kitanda, Sisimizi Wakamuumbua

Ungeingia chumbani kwa huyu dada wa Tabata mwezi wa pili mwaka 2024, kitu cha kwanza kukushangaza kingekuwa kitanda. Kilikuwa juu mno. Kila mguu umekalia matofali mawili, shuka la maua limeshushwa hadi sakafuni kama pazia, na mtoto wake wa miaka minne alikuwa hapandi mpaka asukumwe. Mume akiuliza, anaambiwa ni kwa ajili ya panya. Mume ni dereva bajaji, anatoka saa 11 alfajiri na kurudi saa 4 usiku macho mekundu. Nguvu ya kuchunguza kitanda angeitoa wapi?

Chini ya kitanda hicho kulikuwa na mfuko wa sukari wa kilo 25, gunia la mchele la kilo 50, dona, maharage, dumu la mafuta, dagaa, chumvi, mishumaa na viberiti vya kutosha kuwasha mtaa mzima.

Yote yalianza na sauti moja ya WhatsApp. Mwanamke anaongea kwa kunong'ona, eti ana shemeji yake bandarini, eti sukari ikiisha kinachofuata ni mchele, mwenye masikio na asikie. Jina hakutaja, shemeji hakumtaja, ila ile sauti ilizunguka makundi yote: la mchezo, la kanisani, la waliomaliza pamoja kidato cha nne. Ukiisikia mara ya nne unaanza kuamini.

Na tuseme ukweli, haukuwa uzushi mtupu. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilivuruga viwanda vya sukari. Miwa ipo shambani, lakini magari hayaingii kwa matope, uzalishaji ukashuka. Januari 2024 ikatangazwa bei elekezi, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kutegemea na eneo. Bei hiyo mtaani ilikuwa ya kusoma kwenye simu tu. Kwa Mangi leo kilo 4,000, kesho 4,500, keshokutwa ukiuliza anakuangalia kama umemtukana. "Sukari hakuna, dada." Na huku Ramadhani ya mwezi wa tatu inanukia.

Huyu dada pia alikuwa na kumbukumbu zake. Alishaona 2020 wakati wa corona jinsi ndimu na tangawizi zilivyopanda bei kama dhahabu. Alishaona mafuta ya kula yalivyopaa 2022, mpaka watu wakaanza kukaangia vitunguu kwa maji. Na kuna kubwa zaidi ya hayo. Alikulia kijijini Dodoma, na ule ukame wa 2005 na 2006 ulimkuta ana miaka tisa. Mama yake alikuwa anapima unga kwa kikombe cha bati, anasawazisha juu kwa kidole, kile kinachodondoka kinarudi ndooni. Mtu aliyewahi kukitazama kidole kile akiwa na njaa, usimwambie "acha kupaniki".

Sasa tatizo ni hela aliyotumia. Mwezi ule mchezo ulimwangukia yeye, shilingi 400,000. Makubaliano ndani ya nyumba yalikuwa wazi kabisa: mume anaongeza 80,000, inakuwa 480,000, wanalipa kodi ya miezi sita ya chumba na sebule mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Dada akajiambia kodi ina wiki tatu mbele, hela itapatikana, ila sukari haisubiri.

Jumamosi akapanda daladala hadi Tandale kwenye nafaka. Mchele kilo 50 kwa 2,800, hapo 140,000 imekwenda. Sukari kilo 25 kwa 4,000, laki moja. Dona kilo 20, elfu 32. Maharage ya njano kilo 10, elfu 30. Mafuta lita 10, elfu 50. Elfu 48 iliyobaki ikaishia kwenye dagaa, mazagazaga na nauli ya kirikuu. Alikodi kirikuu makusudi, maana angepanda bajaji, kijiwe kizima cha mumewe kingejua kabla hajafika. Akaingiza mzigo saa 8 mchana, jua linawaka, uani hakuna mtu.

Nyumba ile ina wapangaji sita, uani bomba moja, choo kimoja. Hapo ndipo zile video za "weka ndani chakula cha miezi mitatu" huwa hazifiki. Mwenye video ana stoo yenye rafu, mitungi ya kioo na taa ndani. Watu wengi wa Dar wananunua robo ya sukari, mafuta ya kupima ya mia tano, unga nusu kilo, kila siku ya Mungu. Hawapendi, ila ndiyo hela inavyoingia. Kwa mtu wa hivyo stoo ni Mangi, friji ni Mangi, na benki ni daftari la madeni la Mangi. Siku Mangi akikosa kitu, nyumba nzima imekosa.

Mlango wa tatu kutoka kwa dada anakaa mama mmoja mtu mzima, muuza maandazi. Anaamka saa 9 usiku, anakanda, anakaanga kwa jiko la mkaa pale nje, na saa 12 asubuhi wanafunzi wameshapanga foleni. Andazi shilingi 200. Sukari ipande isipande, andazi ni 200, maana mtoto wa shule anakuja na 200 mkononi. Wiki ile mama alikuwa anapunguza ukubwa wa donge kidogo kidogo, na wateja walikuwa wanaona.

Jioni moja wanawake wamekaa uani wanachambua mchele, mama wa maandazi akaanza stori za enzi zake. Mwaka 1983 alikuwa binti, Ilala. Unapanga foleni ya sukari kwa jiwe. Unaliweka jiwe lako kwenye mstari, unakwenda kuoga, ukirudi linakusubiri na kila mtu analijua ni la nani. Unga wa msaada ulikuwa wa njano, watu wakauita unga wa Yanga. Halafu Sokoine akaanza msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, ikawa ole wake atakayekutwa na magunia ndani.

"Usiku watu walikuwa wanatupa," akasema. "Sabuni, vitenge, mpaka sukari. Jirani yetu alimwaga gunia zima chooni. Wiki nzima choo kina nyuki, hatukuweza kuingia."

Uani wote wakacheka mpaka machozi. Dada naye akacheka, huku anachambua mchele ambao haukuwa na jiwe hata moja.

Siku mbili baadaye, saa 3 usiku, hodi.

"Karibu mama."

"Sikai, mwanangu. Unga ninao, mafuta ninayo, nimekosa sukari. Mangi hana, kule barabarani wananiambia elfu tano. Nigaie kikombe kimoja tu, kesho jioni nakurudishia."

Alikuwa nacho mkononi, kikombe cha bati.

Dada alisema baadaye kwamba mdomo ulijibu kabla ya kichwa. "Jamani mama, hata sisi tumeishiwa. Leo chai tumekunywa kavu, mtoto amelia mpaka kalala."

Sehemu ya mtoto haikuwa na ulazima wowote. Uongo ukiuanza huwa unataka mapambo.

Mama akamtazama mtoto, ambaye alikuwa macho kabisa anachezea simu, akasema, "Pole, mwanangu. Basi nikipata mie, nitawaletea na nyie."

Asubuhi kukawa na hodi nyingine. Sahani ndogo imefunikwa kwa karatasi, maandazi mawili. Hayakuwa na sukari. "Mpe mtoto achovye kwenye chai, hivyo hivyo," mama akasema, akarudi kwenye jiko lake.

Ukidhani hapo ndipo dada alipokiri, hukijui kiburi cha mtu aliyekwisha kudanganya. Alichukua sahani, akashukuru, akafunga mlango. Alichofanya ni kukaza fundo la mfuko wa sukari na kuusukuma mbali zaidi, hadi ukutani. Sasa ukuta wa nyumba ya kupanga una nyufa, na joto la Dar na unyevu wake sukari haivumilii. Mfuko ulikuwa umetoboka pembeni tangu kwenye kirikuu, na sukari ikaanza kulowa.

Sisimizi hawakuhitaji sauti ya WhatsApp.

Jumapili asubuhi mtoto wa jirani alikuwa amechuchumaa kwenye korido anashangaa. Mstari mweusi, mwembamba, umenyooka kama umepigwa kwa rula. Unatoka kwenye mfereji wa bombani, unapita mlango wa kwanza, wa pili, wa mama wa maandazi, hausimami popote, unapinda na kuzama chini ya mlango wa dada. Na kulikuwa na mstari wa kurudi, kila mmoja amebeba chembe yake nyeupe.

Mama wa maandazi alikuwa anafagia. Akaufuata ule mstari kwa macho, polepole, mpaka mwisho wake. Dada alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Hakuna aliyesema kitu. Mama akaendelea kufagia, na alipofika pale kwenye sisimizi akanyanyua ufagio, akawaruka, akaendelea upande wa pili.

Salamu haikukatika. "Umeamkaje mwanangu", "shikamoo mama", "marahaba", kila siku kama kawaida. Ila kikombe hakikuja tena. Wanaokaa nyumba za kupanga wanajua uzito wa jambo hilo, kuliko kutukanwa.

Kodi nayo ikafika. Mume akatoa elfu 80 yake, akanyoosha mkono asubiri laki nne. Dada akainua shuka la maua.

Hakupiga kelele yule kaka. Aliketi kitandani, na kwa vile kilikuwa juu, miguu ikawa inaning'inia kama ya mtoto. Akauliza kitu kimoja tu. "Mke wangu, huu mchele tutaupikia barabarani?"

Ilibidi vitu vitoke. Kilo 20 za sukari, zile zilizokuwa bado kavu, Mangi alizichukua kwa 3,500, hasara ya mia tano kila kilo. Mchele kilo 30 ukaenda kwa mama ntilie kwa 2,500. Jumla 145,000. Pengo lililobaki likazibwa na kausha damu, 260,000, unarejesha elfu 10 kila siku kwa siku 35. Piga hesabu mwenyewe ni faida ya nani. Siku hizo 35 yule kaka alikuwa anarudi saa 6 usiku.

Na ile sukari? Mangi aliifunga robo robo akaipanga dirishani. Mama wa maandazi alikuwa mteja wake wa kwanza asubuhi, akatoa 1,100 kwa robo. Dada alimwona akipita nayo uani kwenye kifuko. Angeweza kumwuzia mwenyewe kwa bei aliyonunulia, wote wawili wangepona. Lakini angeanzaje?

Vilivyobaki chini ya kitanda navyo havikumsubiri. Dona ilikuwa ya kwanza. Wengi hawajui kwamba dona, kwa sababu inasagwa na kiini chake, ina mafuta ndani, na kwenye joto hili inachachuka na kuwa chungu upesi. Sembe iliyokobolewa inakaa zaidi. Wiki ya tano ugali ulikuwa mchungu, mtoto akautema. Maharage alipoyafungua alikuta vitundu vya duara kama yamechomwa sindano, na unga unga chini ya mfuko. Wadudu wale mara nyingi hawaingii kwako, wanakuja nao: mayai yametoka shambani au sokoni, wewe unawapa giza na muda. Katikati ya mwaka sukari ya nje ikawa imeshaingia, viwanda vikarudi kazini, bei ikaanza kushuka. Hakuna aliyekufa kwa kukosa sukari.

Ungetegemea aape kutoweka chakula ndani tena. Hakuapa, na hapo alikuwa na akili kuliko waliomcheka, maana hofu yake haikuwa ya kijinga. Kijinga kilikuwa kununua kwa siku moja, kwa hela ya kodi, na kuficha.

Akaanza upya, kidogo kidogo kama mtu anayejaza kibubu. Akienda kununua mchele kilo mbili anachukua mbili na nusu, hiyo nusu inaingia ndooni. Ndoo za lita 20 zenye mfuniko wa kubana, siyo gunia. Maharage anayaanika juani siku mbili tatu, anayachekecha, anayafungia kwenye madumu makavu yaliyojazwa mpaka shingoni, maana mdudu akikosa hewa hafiki mbali. Shangazi yake wa Dodoma anahifadhi mahindi kwenye mifuko ya tabaka tatu, miwili ya nailoni ndani na mmoja wa kawaida nje, anafunga kila mmoja peke yake, na hata yule dumuzi ambaye wakulima wamempa jina la Scania anafia humo. Shangazi huyo ndiye aliyemkataza kununua mahindi au karanga zenye ukungu hata ziuzwe bei ya bure. Huko kwao na Manyara mwaka 2016 watu walipoteza maisha kwa sumukuvu, na sumu ile haiishi kwa kuchambua wala kupika.

Kitanda kikashuka, matofali yakarudi nje. Ndoo zikakaa sebuleni juu ya kichanja cha mbao, mbali na ukuta, tarehe imeandikwa kwa peni kwenye plasta. Kila anayeingia anaziona. Cha zamani kinapikwa kwanza, kipya kinakwenda nyuma. Hana dona ndani zaidi ya wiki mbili.

Ikafika Jumatano, Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi. Vurugu zikaanza mjini, jioni ikatangazwa amri ya kutotoka nje Dar es Salaam kuanzia saa 12. Intaneti ikakata. Pale mtaani Mangi alifunga, wakala alifunga, genge likafungwa, bajaji ikalala uani na turubai juu. Mlango wa pili kutoka mwisho wanaishi vijana wawili wa chuo ambao akiba yao yote ilikuwa pakiti ya tambi na vitunguu vitatu. Mtu ana hela kwenye simu na hawezi kununua hata kiberiti.

Dada alikuwa na ndoo mbili za mchele, moja imejaa, nyingine nusu. Dagaa wapo, maharage yapo, chumvi ipo. Ijumaa mchana akiwa amebandika maharage, moto ukapungua, ukawa wa bluu mdogo, ukazima. Akatikisa mtungi. Mwepesi kama karatasi. Zaidi ya mwaka mzima wa kupanga ndoo, na gesi hakuwahi kuifikiria.

Maharage yalikuwa nusu, magumu. Akachungulia nje. Chini ya paa, kwenye mlango wa tatu, kulikuwa na gunia la mkaa limejaa hadi juu. Lilikuwa pale siku zote. Mama wa maandazi hakai bila mkaa, ndiyo kazi yake.

Alisimama muda mrefu kabla ya kupiga hodi.

"Karibu."

"Shikamoo mama. Gesi imeniishia, maharage yako nusu. Naomba mkaa kidogo, wa jiko moja tu."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, redio ndogo sikioni. Akaishusha sauti. "Maharage kiasi gani?"

"Kilo mbili. Na mchele ninao."

"Mchele kiasi gani?"

Dada akavuta pumzi. "Ndoo mbili, mama. Moja imejaa, moja nusu."

Mama akamwangalia usoni, akaangalia korido, akarudisha macho. "Na sisimizi wako hawajambo?"

Dada akacheka, ikamjia na machozi, akajifuta kwa kanga. "Wazima, mama."

"Haya. Leta hilo sufuria. Na wale watoto wa chuo waambie walete vitunguu vyao, wasijifungie ndani kama kuku."

Mkaa ukawashwa katikati ya uani, kwenye lile jiko kubwa la maandazi. Mume wa dada akapepea. Wakawahi kula kabla ya saa 12, kila mlango na sahani yake, bila maneno mengi kwa sababu kila mtu alikuwa anasikiliza nje. Mtoto, sasa anakaribia miaka sita, akalamba vidole akauliza kama kesho pia watakula wote hivi.

Mama wa maandazi akamwambia, "Kaulize ndoo."

Akaenda. Akafungua mfuniko, akachungulia ndani, akarudi anakimbia.